Saa Moja Iliyorudi

Mvua imeingia siku ya tisa Valparaíso.
Huku juu, ndani ya kontena letu la bati,
mimi Ismenia Quilodrán, msimamizi wa mradi
wa kuifufua lifti ya kilima iliyolala miaka kumi na mmoja,
nina barua pepe mia nne sijazifungua
na chai iliyopoa mara mbili.

Niseme kweli: zamani kazi yangu ilikuwa kufukuza karatasi.
Nani kaahidi nini, Jumanne ipi, kwa mdomo au kwa saini;
boriti ziko bandarini, au ziko kwenye maneno ya mtu.
Usiku nilijaza jedwali, kijani, njano, nyekundu,
na kulipokucha jedwali lilikuwa limeshageuka uongo.
Mwanangu alijifunza kusoma saa
kwa kuningoja.

Sasa nimepewa msaidizi asiyekunywa chai.
Akili mnemba, ndilo jina lake rasmi;
mafundi wanaiita Shangazi
kwa sababu haisahau deni la mtu.
Naimwagia kumbukumbu za vikao, risiti, vipimo vya kebo,
sauti za watu waliorekodiwa katikati ya upepo,
nayo inazichambua kama mchele,
chuya huku, punje huku.

"Kapi la juu," iliniandikia mwezi wa tano,
"limeagizwa kwa kipimo cha mchoro wa zamani.
Mchoro mpya una tofauti ya milimita sita."
Milimita sita! Haufiki unene wa penseli.
Vikao vitatu tuliukodolea mchoro ule,
watu tisa wenye miwani na shahada.
Nilipiga simu kiwandani kabla hawajamimina chuma.
Magoti yalinitetemeka, sikumwambia mtu.

Wala si malaika.
"Tufunge ngazi ya nyuma, tutaokoa siku nne."
Hesabu ilikuwa sahihi.
Ila ngazi ile ndiyo njia pekee
ya mtungi wa gesi wa bibi Herminda,
na jambo hilo halijaandikwa popote duniani.
Nikaliandika. Ikajibu: asante, nimeongeza.

Kisha Alhamisi.
Ripoti yake ya asubuhi, mistari mitano tu,
na wa mwisho:
"Taarifa za Nibaldo Carvacho, mchomeleaji,
zilikuwa na maneno sitini kwa siku.
Wiki hii ni matatu: Kazi imekwisha leo.
Sijui maana yake. Huenda wewe unaijua."

Sikuijua.
Ila nilikuwa na saa moja mkononi,
saa ambayo mwaka jana ningeizika ndani ya jedwali.
Nikavaa koti la mvua, nikashuka vidato mia na sabini,
nikamkuta chini ya turubai, kofia ya kuchomelea mapajani,
anaitazama kama sahani isiyo na chakula.
Nikammegea mkate.
Mradi hatukuutaja.
Mkewe amelazwa, chumba cha watu sita,
na yeye hukesha pale kwenye kiti cha plastiki
kisha anakuja kuunga chuma
kitakachobeba watu.

Niliporudi juu nilibadilisha zamu.
Mashine ikauliza: sababu ya mabadiliko?
Vidole vikasimama juu ya herufi.
Yapo ambayo mtu humwambia mtu chini ya turubai
na jedwali halina haki nayo.
Nikaandika: mvua.
Ikakubali. Ikasogeza tarehe siku mbili,
ikapaka njano.

Njano na iwe njano.
Mkuu wa manispaa atapiga simu kesho, atafoka,
nami nitakuwa na majibu yote, kurasa kwa kurasa,
Shangazi ameshayapanga.

Saa kumi na mbili nilifunga kontena.
Kebo mpya ilikuwa inalia kidogo kwenye upepo,
na lile kapi la milimita sita
bado lilikuwa ndani ya sanduku lake la mbao,
zito, limepakwa mafuta,
linangoja kukauke.